Eliakunda na Unga wa Mjomba Wake

Nimefundisha Kiswahili kwenye sekondari moja ya mjini Same kwa miaka ishirini na minne. Katika muda huo nimeona wakuu saba wa shule wakija na kuondoka, na wote saba walimwogopa mtu mmoja: mtunza maabara.

Jina lake ni Eliakunda Zephania. Ni mama mfupi, mwenye miwani minene iliyofungwa uzi upande mmoja, na mdomo ambao Mungu aliusahau kuutia breki. Hakuwa mwalimu. Cheti chake ni cha ufundi wa maabara tu. Walimu wapya wa kemia walipofika kutoka chuoni walimtuma kama mfanyakazi wa ndani, lete hiki, osha kile. Haikupita wiki mbili kabla hawajaanza kumwuliza kwa adabu kipi kinatangulia kumiminwa, maji au asidi. Mmoja aliona haya kuuliza. Akamaliza muhula bila nyusi.

Eliakunda ni Mlutheri wa ubatizo, kipaimara na kwaya. Hilo halikumzuia kumwambia mchungaji, mbele ya wazee wa usharika, kwamba maji ya ubatizo yapimwe kwanza kwa sababu tangi la kanisa lina vyura. Mchungaji alisema maji yakishaombewa hayana neno. Eliakunda akajibu, "Na vyura nao wameombewa?" Tangi lilisafishwa.

Sasa, mashine. Miaka kadhaa nyuma walikuja watafiti kuhesabu miti ya dawa huko milimani. Walikaa miaka mitatu, wakahesabu, wakala makande, wakaondoka. Walituachia kalenda na mashine moja mbovu, ya rangi ya maziwa, yenye ukubwa wa cherehani. Inaitwa spektrofotomita. Mkuu wa shule wa wakati huo aliifunika kitambaa cha kufuma, akaweka juu yake maua ya plastiki. Mgeni akija aliambiwa, "Na hii ni mashine." Mgeni alitikisa kichwa kwa heshima, wakaenda kunywa chai.

Likizo moja ya Desemba, Eliakunda aliifungua. Aligundua kwamba ugonjwa wake ulikuwa taa tu, kijitaa kidogo kilichoungua. Alikwenda duka la spea za pikipiki, akanunua kinachofanana nacho, akakipachika, akahangaika nacho siku tatu mpaka kikakaa sawa. Kazi ya ile mashine ni nyepesi kuieleza: unaweka kimiminika chenye rangi kwenye kichupa, mwanga unapita, mashine inakuambia rangi ni nzito kiasi gani. Basi. Alifurahi kama mtu aliyefufua maiti, na kwa kuwa hakukuwa na cha kupima, alipima chai ya walimu. Akatutangazia kwamba chai yetu ni maji yaliyosikia habari za majani.

Iddi Abdulmalik ndiye aliyempa kazi. Iddi anauza viungo na dawa za asili, duka lake liko karibu na stendi, na ukoo wake umefanya biashara kwenye njia ya pwani tangu enzi za misafara. Siku moja alikuja shuleni amevaa kanzu safi na uso mchafu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Biashara," alisema Iddi. "Mteja wangu wa Dar amekataa mzigo. Anasema amechoka na chupa zilizoandikwa 'inatibu magonjwa arobaini'. Anataka kila fungu la dawa lije na namba. Namba ya antioksidanti. Na fungu la mwezi ujao lifanane na la mwezi huu."

"Ana akili huyo mteja."

"Ana akili, dada, ila mimi sina mashine. Nimesikia wewe unayo."

Walikubaliana. Kila mwezi Iddi angemletea Eliakunda mchele wa Ndungu, na Eliakunda angepima dawa za kikundi kimoja cha waganga wa mitishamba kule mlimani, juu njia ya Mbaga. Kulikuwa na jambo moja tu. Mwenyekiti wa kikundi hicho alikuwa Melkizedeki, mjomba wake Eliakunda, kaka wa mama yake mzazi. Alikuwa mzee wa miaka sabini na minne, mzee wa kanisa pia, na bingwa wa unga wa gome la mzambarau-mwitu, dawa ya tumbo iliyojulikana mpaka Mwanga. Na kwetu mjomba si mtu wa kumpima.

Jumamosi moja Eliakunda akapanda mlimani. Waganga tisa walikuwa wamekusanyika kwenye stoo ya kikundi, wamekaa juu ya magunia. Aliwaeleza kwamba ndani ya mimea mna vitu vinavyoitwa antioksidanti, na kwamba yeye atavipima.

Sadock, mganga wa nguvu za kiume, akanyoosha mkono. "Samahani. Huyu Anti Oksidanti ni wa wapi? Ni Mgweno?"

Stoo nzima ikaangua kicheko. Tangu siku ile, milimani kote, kipimo kinaitwa Anti, na dawa ikishindwa watu husema Anti amekataa posa.

Eliakunda hakukasirika. Alitoa parachichi kikapuni, akalikata vipande viwili. Kimoja alikipaka maji ya limau, kingine akakiacha hivyo hivyo, akaviweka dirishani. Kisha akamkaribisha mwenyekiti aseme neno. Mjomba Melkizedeki alisema neno kwa dakika arobaini. Alipoketi, kipande kisicho na limau kilikuwa cheusi kama kisigino, na chenye limau kilikuwa bado kibichi.

"Mnaona?" alisema Eliakunda. "Hewa inakula parachichi. Limau lina kitu kinachotangulia kuliwa, parachichi linasalimika. Kazi ya antioksidanti ni hiyo. Na ninyi magome yenu na mizizi yenu yanavyo, kama hamkuyachoma kwa jua wala kuyachanganya na takataka."

"Kwa hiyo ukipima utajua kama dawa inaponya?" aliuliza mjomba.

"Hapana, Mjomba. Kuponya mtajibizana na Mungu na daktari. Mimi nitajua kama kilichoandikwa kwenye pakiti kimo ndani ya pakiti, na kama kimo kiasi kile kile kila mara."

Waganga wanane walitoa sampuli zao papo hapo. Mjomba alisema yake haijawa tayari. "Dawa yangu inahitaji maombi," alisema. "Nitaituma wiki ijayo." Alikuwa anakitazama kile kipande cha parachichi chenye limau, na kabla ya kuondoka alikichukua akakila.

Vipimo Eliakunda alivifanya baada ya masomo. Nilikuwa naingia maabara saa kumi jioni kwa sababu ndiko kulikokuwa na jiko la kuchemshia maji, kwa hiyo niliona. Alisaga dawa, akailoweka kwenye spiriti, akaichuja. Kisha alichukua kemikali moja aliyoagiza Moshi, yenye rangi ya zambarau nzito kama joho la askofu, akaichanganya na matone ya dawa. Akaifungia kabatini gizani nusu saa, kama mwongozo ulivyosema. Dawa ikiwa na antioksidanti, ile zambarau hufifia polepole, inaelekea njano. Mashine husoma ni kiasi gani cha zambarau kimepotea katika mia.

Wengi walipata kati ya hamsini na sabini. Mmoja aliyekausha majani yake juu ya bati mwezi mzima alipata kumi na tisa. Sadock alipata nne.

Eliakunda alimpigia simu mbele yangu. "Baba, dawa yako ina nguvu sawa na maji ya kuoshea mchele."

Sadock hakushtuka hata kidogo. "Mashine yako ni ya kike," alisema. "Haiwezi kuielewa dawa ya kiume."

Sampuli ya mjomba ilifika wiki iliyofuata. Ilipata tisini na sita.

Eliakunda aliirudia mara mbili. Tisini na sita, tisini na sita. Nilimwona akivua miwani na kuifuta, na sikuwahi kumwona akiifuta kwa sababu yoyote isipokuwa mvuke. Babu yake, baba yake Melkizedeki, ndiye aliyemfundisha mjomba kuchuna gome, na mama yake Eliakunda alilelewa kwa dawa ile. "Damu yetu hiyo," aliniambia, akacheka mwenyewe kama msichana.

Mjomba naye hakuificha taa chini ya pishi. Jumapili, baada ya matangazo, alisimama kanisani akatoa shukrani ya pekee kwa Bwana aliyemjalia tisini na sita katika mia. Watu walidhani ni mtihani wa mjukuu, wakapiga makofi. Iddi akaandika namba ile kwenye lebo na kupeleka mzigo mzima wa unga wa mjomba Dar. Wale wanane wengine wakaambiwa wasubiri.

Mwezi uliofuata lilikuja fungu la pili. Siku hiyo umeme ulikuwa unakatika na kurudi, kwa hiyo Eliakunda hakwenda kabatini haraka. Alisimama dirishani na kichupa mkononi, akadondosha dawa ya mjomba kwenye zambarau. Kabla hajafunga kifuniko, zambarau ilikuwa imekwisha. Haikufifia. Ilikatika, kama mtu aliyezima taa.

Alichukua dawa ya mtu mwingine, akafanya vile vile. Zambarau ikakaa, ikaanza kufifia kwa uvivu, baada ya dakika kumi bado ilikuwepo. Hivyo ndivyo gome hufanya kazi, polepole, kama mafundi wetu. Akarudia ya mjomba. Ikakatika.

"Mwalimu," aliniita. "Gome gani hili lenye haraka?"

Kwa miaka ishirini na minne alikuwa akiwafokea wanafunzi wasionje kitu chochote maabara. Mlangoni kuna bango aliloliandika yeye mwenyewe. Alitia kidole kwenye unga wa mjomba, akakilamba. Uso ukajikunja.

"Chachu," alisema. "Gome la mzambarau linakaza ulimi kama ndizi mbichi. Hili ni chachu kama peremende ya limau."

Basi akafanya jaribio lingine, la kizee kabisa, ambalo hata kidato cha tatu wanalijua. Ukitia matone ya maji ya chumvi ya chuma kwenye maji ya gome la kweli, yanageuka meusi kama wino. Kwenye dawa za wale wanane, hata ile ya Sadock kwa mbali, maji yalikuwa meusi. Kwenye ya mjomba yalibaki na rangi ya chai ya walimu. Akanituma duka la dawa nikanunue vidonge vya vitamini C, vile vya machungwa vya kumung'unya. Akavisaga, akavitia kwenye zambarau. Ikakatika vile vile, kwa mwendo ule ule.

Aliosha vichupa vyote, akaviinamisha vikauke, akaketi. Baadaye aliniambia kwamba kilichomuuma siyo uongo. Uongo aliuzoea, alifanya kazi ya serikali. Kilichomuuma ni kwamba alifurahi.

Jumamosi akapanda mlimani peke yake. Alimkuta Mjomba Melkizedeki barazani, mguu wa kulia ameuweka juu ya kigoda, goti limevimba.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mpwa wangu. Karibu. Tumepata ngapi safari hii?"

"Tumepata vitamini C."

Mjomba akajaribu Biblia. Akasema Bwana naye aligeuza maji kuwa divai na hakuna aliyemwomba risiti. Eliakunda akamwambia Bwana hakuweka lebo ya mzambarau juu ya mtungi. Mzee akajaribu ukoo: yeye ndiye aliyempeleka Eliakunda shule kwa mgongo wake mwaka wa mafuriko. Kweli, alisema Eliakunda, na ndiko alikojifunza haya. Ndipo mzee akakasirika kwa dhati.

"Wewe ndiye uliyenifundisha!" alisema. "Ulikuja hapa na parachichi lako. Ulisema limau ndiyo kinga. Nikajiuliza, kama limau linatosha, mzee mwenye goti hili anapanda kufuata gome la nini? Nikamwuliza mjukuu wangu anayesomea uuguzi, dawa ya limau inauzwa? Akaniambia inauzwa kwenye kopo, vidonge elfu. Sasa kosa langu liko wapi? Nimekuwa mwanafunzi wako mzuri kuliko wote!"

Eliakunda aliniapia kwamba alikaribia kucheka, na kwamba kama angecheka pale ingekuwa mwisho wa kazi yake.

"Na unga wenyewe ni nini, Mjomba?"

"Mgravilea," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Vumbi la mbao. Kutoka kwa seremala."

Ukweli wote aliupata jikoni. Agatha, mke wa mjomba, alikuwa anapekecha makande, mabega yanamtikisika kwa kicheko alichokuwa akikizuia tangu mwanzo.

"Kopo liko chini ya kitanda," alisema Agatha. "Usiku nikigeuka linalia kama kayamba. Nilimwambia, Baba Wilbard, mtoto huyu ana mashine. Akasema mashine haijui mambo ya ukoo."

"Mama Wilbard, kwani mizambarau imekwisha?"

Agatha aliacha kucheka. Akaeleza kwamba ile ya karibu imekufa yote. Imechunwa pande zote, na mti ukichunwa pande zote ni sawa na mtu kuvuliwa ngozi. Iliyobaki iko ndani ya hifadhi, ambako mtu haruhusiwi, na hata angeruhusiwa, goti lile lisingefika. Mzee alikuwa na lebo, jina, wateja mpaka Mwanga, na hana gome. Hakuwa na ujasiri wa kumwambia mtu yeyote. Ilipita miezi minane akiuza akiba, kisha akiba ikaisha.

Alipokuwa anaondoka, Agatha alimtilia kikapuni fungu la majani makavu. "Haya ni ya miche miwili iliyoota yenyewe nyuma ya zizi," alisema. "Wajukuu wakiharisha mimi nawachemshia majani haya, sijawahi kugusa gome. Pima. Usimwambie."

Eliakunda alimpigia Iddi njiani, kabla moyo haujalegea. Iddi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, umenivunja mguu." Akaongeza, "Lakini afadhali uvunjwe nyumbani." Akampigia mteja wa Dar mwenyewe, akamwambia arudishe pakiti zote. Mteja akazirudisha, na oda ya msimu mzima akaifuta.

Sisi Wapare tunasemwa kwamba tunauza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku. Ni uzushi, huwa tunajaribu kwanza kuuza mbuzi. Mjomba alipopata habari kwamba Eliakunda amesema, alimshtaki kwenye kikao cha ukoo: kumwaibisha mjomba, kuvunja riziki yake, na kuingia jikoni kwake kwa nia ya upelelezi. Kikao kilipangwa Jumamosi, saa nne asubuhi, uani kwa mjomba. Eliakunda aliniomba nimsindikize nibebe glasi.

Watu wapatao arobaini walikuja, na nusu yao hawakuwa wa ukoo. Sadock alikuja na kiti chake. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Hamidu, wa upande wa ukoo uliosilimu zamani, mtu aliyeheshimiwa na pande zote mbili kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno zaidi ya kumi. Mjomba alisoma mashitaka kutoka kwenye daftari. Kisha Eliakunda akaulizwa anajibu nini.

"Sijibu kitu," alisema. "Naomba meza."

Akapanga glasi tisa tupu za kunywea chai. Kila moja akaitia dawa ya mganga mmoja, iliyochemshwa asubuhi ile ile na watu wakiona. Akatoa kichupa chake cha maji ya chuma, akadondosha matone matatu kwenye kila glasi, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ikawa nyeusi tii. Mama mmoja akasema "Yesu!" Ya pili ikawa nyeusi. Ya tatu. Ya Sadock ikawa kijivu, rangi ya paka wa jikoni, naye akasimama akainama kwa watu kama mshindi. Ya tisa ilikuwa ya mjomba. Matone matatu. Sita. Eliakunda akamimina karibu kichupa chote. Glasi ikabaki inatazama watu, ya njano, safi, haina habari.

Hakuna aliyecheka. Nilifikiri watacheka, lakini mzee yule alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya goti lake bovu, na watu wote pale walikuwa wamewahi kunywa dawa yake wakiwa watoto.

Eliakunda naye hakumtazama. Alitoa kitambaa, akakifungua, akaonyesha majani makavu. "Nina glasi ya kumi," alisema. Akachemsha, akatia matone. Nyeusi kama wino wa karani. "Haya ni majani ya mzambarau-mwitu. Nimeyapima na mashine pia. Themanini na moja, na yanakwenda polepole, kama inavyotakiwa. Gome la zamani la Mjomba mwenyewe, nililolikuta kwenye kopo la mama yangu, lilipata themanini na nne. Tofauti ni ndogo. Ukichuma majani mti unachipua tena. Na hauhitaji goti."

"Umeyatoa wapi?" mjomba aliuliza, bado ameinama.

"Nyuma ya zizi lako," Agatha akasema kwa sauti kutoka mlangoni. "Unayapita kila siku ukienda chooni."

Hapo ndipo watu walipocheka, na mzee Hamidu akatoa hukumu. Ilikuwa na maneno zaidi ya kumi, watu wanaizungumzia mpaka leo. Melkizedeki ana kosa kwa kuuza vumbi la seremala kwa jina la baba yake. Eliakunda ana kosa kwa kumpigia mfanyabiashara simu kabla ya kuuambia ukoo. Kila mmoja alete soda, na debe moja la dengelua, pombe yetu ya miwa, kila mtu anywe kwa imani yake. Na kopo la vidonge likabidhiwe zahanati.

Eliakunda alilipa debe lake siku ile ile, bila kukubali kosa. Mjomba alilipa lake baada ya wiki mbili, bila kukubali kosa. Hawakusalimiana kwa miezi mitano. Mjomba alikuwa akipita Same mjini kwenda kliniki ya goti na hafiki shuleni. Eliakunda alisema hajali. Nilimwona mara mbili akisimama dirishani siku za kliniki.

Lakini Agatha hakuwa na muda wa kununiana. Alizungushia miche miwili miiba, akatengeneza kitalu, na watu wa kikundi wakamchagua msimamizi wa ubora, cheo ambacho hakikuwepo mpaka siku ile. Alipita nyumba kwa nyumba akikagua wanakaushia wapi. Aliyekausha juu ya bati alirudishiwa majani yake mbele ya majirani. Sadock aliacha dawa yake, akahamia tangawizi, na mwezi wa kwanza akapata hamsini na tano. Alidai mashine imeolewa.

Mwezi wa sita Iddi alikwenda Dar na sampuli kumi na karatasi ya Eliakunda, ikionyesha namba, muda wa kufifia, na rangi ya wino. Mteja alichukua oda ndogo, robo ya ile ya zamani. Aliuliza ni nani aliyegundua ule uongo wa kwanza. Iddi alimwambia ni mpwa wa mwongo. Mteja akasema basi karatasi yake anaiamini.

Mjomba Melkizedeki alirudi shuleni siku moja ya Agosti, na fimbo, na mfuko wa majani aliyoyachuma mwenyewe nyuma ya zizi. Eliakunda alimpa stuli. Mzee akataka kuiona zambarau kwa macho yake, na akaiona ikififia polepole mpaka mwisho. Ikawa sabini na tisa. Akasema ya Agatha ilipata themanini na moja kwa sababu Agatha anachuma asubuhi, na kwamba hiyo ni hila. Eliakunda akamwambia naye achume asubuhi.

Siku hizi mzee anaitwa kwenye vijiji vingine kufundisha namna ya kutambua dawa feki. Anabeba glasi na kichupa cha maji ya chuma, na anavyosimulia utadhani yeye ndiye aliyefanya uchunguzi. Nilimwuliza Eliakunda kama hilo halimkeri. Alikuwa anachuja sampuli, hakuinua kichwa.

"Anajua kazi hiyo kuliko mimi," alisema. "Mimi sijawahi kughushi."

Wiki iliyopita mjomba aliteleza, akakausha fungu moja juani ili kuwahi gari la Iddi. Likapata hamsini na mbili, Eliakunda akalirudisha mlimani na karatasi yake bila maelezo. Mzee alipiga simu, akalalamika kwa robo saa nzima. Kisha akakata, na Agatha anasema alikwenda moja kwa moja nyuma ya zizi na kikapu.